Upande wa pili wa santuri



Baada ya ile jioni ya muziki wengi mmeniuliza ule wimbo nilioupiga ulikuwa wimbo gani. Wengine mlicheka mkasema spika imekufa. Mmoja aliniambia, "Grand, ulisahau kumuweka muimbaji." Niliahidi nitaandika, basi naandika. Ila nawaambia mapema, hii habari siyo ya muziki peke yake. Waliokuwepo walimuona mama yangu akisimama katikati ya watu, na nadhani mna haki ya kujua kwa nini.

Nianze na rege, juu rege wote tunaijua. Jumapili mchana ukishuka ziwani hapa Gisenyi, hutatembea mbali kabla hujamsikia Lucky Dube kwenye baa fulani. Yule mtu aliuawa Johannesburg Oktoba 2007, wengi wetu tulikuwa watoto wadogo, lakini nyimbo zake tunazijua kama vile aliishi jirani. Goma ni vilevile. Na Masisi, kule tulikotoka, hata mchunga ng'ombe alikuwa na karedio ka flash, na ndani ya flash Lucky Dube hakosi.

Sasa fanya hivi. Hesabu polepole: moja, mbili, tatu, nne. Muziki mwingi unaojua unapiga ngoma kubwa kwenye moja. Rege ya zamani inaiacha moja wazi, hakuna kitu. Gitaa linakwaruza kwenye mbili na kwenye nne, na ngoma kubwa inaanguka kwenye tatu. Ndiyo maana ukiisikia mwili unataka kuinama kidogo, ni kama unakanyaga ngazi ambayo haipo. Kwa hiyo ndani ya rege tayari kuna shimo. Dabu ni muziki wa watu walioliona lile shimo wakaamua kulipanua.

Aliyelipanua zaidi alikuwa fundi. Jina lake la nyumbani ni Osbourne Ruddock, watu walimuita King Tubby, wa Kingston, Jamaika. Hakuwa muimbaji. Alikuwa anatengeneza redio na mashine za kukuza sauti, na alikuwa na spika zake za kupiga muziki kwenye sherehe za mtaa. Miaka ya 1970, nyumbani kwake, alikuwa na meza ya kuchanganya sauti yenye njia nne tu. Alichukua wimbo uliokwisha kuimbwa, akaufungua kama mtu anavyofungua redio: sauti ya muimbaji njia yake, besi njia yake, ngoma njia yake. Kisha anaondoa. Anamtoa muimbaji, anaacha besi na ngoma zitembee peke yao. Ghafla anamrudisha kwa neno moja, nusu ya neno, analitupa ndani ya mashine ya mwangwi, neno linaenda linapungua linapungua mpaka linapotea. Halafu gitaa, vilevile. Yote alifanya kwa mikono, wimbo ukiwa unatembea, akikosea amekosea. Aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake Februari 1989.

Kitu kimoja nakiomba mkiweke kichwani, nitakirudia. Kule Jamaika hizi dabu zilikuwa zinawekwa upande wa pili wa santuri ndogo. Upande wa kwanza ni wimbo wenyewe, muimbaji yupo mzima, maneno yote. Ukigeuza, unakuta wimbo uleule umebomolewa.

Mimi haya yote sikuyajua shuleni. Niliyajua kwa njia ya mégaphone.

Mnaijua kazi yangu ya kujitolea. Asubuhi nazunguka kati ya hangari natangaza: leo ni siku ya sabuni, leo watoto wa chini ya miaka mitano wapelekwe kupimwa, familia fulani waje na karatasi zao. Ukisimama pale juu karibu na matanki ya maji ukasema neno, kilima cha mbele kinakurudishia. Siyo sentensi nzima. Kinarudisha mwisho tu. Unasema "waje na karatasi zao", unasikia "...tasi zao". Watoto wanapenda sana, wananifuata wakirudia ile ya kilima badala ya ile yangu. Siku moja nilikuwa naita jina la mzee mmoja ambaye hakuja. Nikaita mara nne. Kila mara kilima kikarudisha kipande cha jina, na yule mzee hakutokea, alikuwa ameshahamishwa na mimi sikuambiwa. Hiyo siku nilijisikia vibaya, sijui kwa nini hasa. Jioni nilimsimulia rafiki yangu mmoja aliyesoma Kampala, naye akanipa flash, akasema, "Sikiliza hii, utaelewa kilima chako."

Ndani ya ile flash kulikuwa na vitu vya Kampala. Wengine mmesikia jina Nyege Nyege, ile tamasha ya Jinja iliyoanza 2015. Wale watu wana pia lebo za kutoa muziki, na moja inaitwa Hakuna Kulala. Kulikuwa na Slikback, Mkenya, na *Lasakaneku* yake ya 2018, muziki wa kasi, mzito, kama lori limekosa breki. Kulikuwa na ndugu yetu Mkongomani Rey Sapienz na kundi lake la Congo Techno Ensemble, albamu yao *Na Zala Zala* ilitoka 2021. Lakini ile iliyonishika ni *Lithium Blast*, ya 2020, ya kundi linaloitwa HHY & The Kampala Unit. Mreno mmoja, Jonathan Saldanha, alikaa na wapigaji wa Kampala: tarumbeta, ngoma, mashine. Pale ndani dabu ipo, lakini siyo rege tena. Tarumbeta inalia mara moja kisha inapotea kwenye ukungu wa mwangwi, ngoma zinakuja kama zinatoka chini ya udongo, na ile "moja" ambayo rege iliiacha wazi hapa huijui hata iko wapi. Nilisikiliza usiku, earphone ya sikio moja, lingine lilikuwa limekufa. Sikuipenda. Kesho yake nikasikiliza tena.

Halafu nikaanza kutafuta, bando kidogo kidogo. Nikakuta habari ya Mjerumani mmoja, Stefan Betke, anayejiita Pole. Mwaka 1996 chombo chake kimoja cha kuchuja sauti, cha kampuni ya Waldorf, kilianguka kikaharibika. Kikawa kinatoa vikwaruzo, tik, tk, tik. Mtu mwingine angekitupa. Yeye akafanya vile vikwaruzo kuwa ngoma yake, akaweka chini yake besi nzito ya polepole kama ya dabu, na mwaka 1998 akatoa albamu ya kwanza. Ukiisikiliza utafikiri mvua imeanza juu ya mabati na kuna mtu mbali, nyumba ya tatu, anapiga rege. Nilicheka peke yangu. Spika mbovu na earphone za sikio moja tunazo wengi hapa, ni albamu tu hatuna.

Sasa niwaambie kuhusu yaya.

Yaya, kaka yangu mkubwa, hakuvuka pamoja nasi. Sisi tulitoka Kitshanga mwanzoni mwa 2023, mimi, mama na wadogo. Yeye alikuwa Goma tangu zamani, Birere, anatengeneza simu na redio kwenye kibanda cha mbao. Ni fundi kama King Tubby, na kama King Tubby alipenda sauti kuliko pesa. Alikuwa na kinanda kidogo cha Casio alichokipata kwa mteja aliyeshindwa kulipa. (Hapa niweke mabano. Vinanda vya Casio vina heshima kubwa kwenye rege. Mwaka 1985 Jamaika walitoa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, na midundo yake ilitoka moja kwa moja kwenye kinanda cha Casio MT-40, mdundo uliowekwa tayari ndani na dada mmoja Mjapani, Hiroko Okuda. Yaya hakulijua hilo. Ningependa kumwambia.)

Na kile kinanda yaya alirekodi wimbo mmoja. Mmoja tu ndiyo alimaliza. Ni rege ya kawaida, siwadanganyi kwamba ni ya ajabu. Anaimba kama konvoyeri wa gari la abiria anayeita watu: anataja njia ya kurudi nyumbani, Goma, Sake, Kirolirwe, Kitshanga, na kila mahali anasema nani anashuka na amebeba nini. Kuna mama wa jibini, kuna mwanafunzi, kuna mtu amebeba kuku asiyetaka kulipiwa nauli. Dakika tatu na sekunde hamsini na kitu. Alinitumia kwenye kadi ya memori, na mimi nikaja nayo hapa.

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, simu yake haipatikani. Mmeona wengi wako hivyo. Sitaandika zaidi hapo.

Pale kwenye chumba cha vijana kuna ile kompyuta moja, na ndani yake kuna Audacity, programu ya bure ya kukata sauti. Nikasema nitafanya dabu ya yaya. Niliona ni heshima. Nilifanya kazi siku nne, saa moja moja, kila mtu na zamu yake. Wimbo wa kinanda ukishakuwa faili moja huwezi kufungua njia kama Tubby, sauti na besi zimeshaoana. Kwa hiyo nilichuja: nikakata juu ibaki besi, nikakata chini ibaki kikwaruzo cha sauti. Nikachukua lile neno "Sake" nikalirudia, nikalivuta, nikalitupa kwenye mwangwi. Nikaondoa karibu maneno mengine yote. Mahali pa gitaa niliweka sauti ya mégaphone ikiwashwa, ile "kwiii" mnayoichukia. Ngoma ya tatu niliihamisha kidogo nyuma, ikawa haiangukii kwenye tatu, inaangukia mahali ambapo mguu hauko tayari. Niliisikiliza nikasema, hapa nimefika. Kwa kweli bado naona ni kitu kizuri.

Siku ya nne umeme ulikuwa unacheza, unakuja unapotea. Nikaharakisha kuhifadhi. Programu ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo.

Mnajua kilichofuata ile jioni. Niliweka wimbo, spika mbili, besi ikatingisha zile shiti. Nyinyi mlicheka, mkacheza ovyo, sawa. Mama alikuwa amekaa nyuma na wamama wengine. Yeye alijua kwamba nitapiga wimbo wa yaya, mimi mwenyewe nilimwambia. Alingoja. Sauti ikasema Sake. Ikasema Sake. Sake, ake, ake, ake. Wimbo ukaisha. Ndipo akasimama.

"Papa," akaniita, "na Kitshanga iko wapi?"

Nikamwambia, mama, hii ni namna nyingine ya muziki, tunapunguza maneno.

"Yeye alisemaka Kitshanga. Nilisikiaka. Gari inafika. Hii yako imebakia Sake."

Watu walikaa kimya. Nikasema sawa mama, nitaiweka ile yenyewe, ngoja. Nikafungua kadi. Kulikuwa na faili moja tu, jina lilelile alilolipa yaya, na ndani yake ilikuwa dabu yangu. Nilikuwa nimeihifadhi juu ya wimbo. Niliufungua mara tatu kama mjinga, nikidhani labda mara ya tatu ataimba. Mama alingoja muda kidogo, kisha akafunga kitenge chake vizuri akaenda kulala.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nafikiria ile santuri ya Jamaika. Tubby aliweza kumtoa muimbaji bila kumuua, juu muimbaji alikuwa upande wa pili anangoja, unageuza tu. Mimi nilitengeneza upande wa pili nikafuta wa kwanza. Na kufuta hakukufanywa na vita, hapana, wala na mpaka. Ni kidole changu.

Ni baadaye ndipo nilisoma kuhusu KMRU. Huyu ni kijana wa Nairobi, anafanya muziki wa sauti za mazingira, za mashine, mambo ya polepole sana, albamu yake *Peel* ilitoka 2020. Jina lake kamili ni Joseph Kamaru, jina la babu yake. Na yule babu, Joseph Kamaru aliyefariki 2018, alikuwa muimbaji mkubwa wa Kikuyu, Kenya nzima inamjua. Mjukuu alizichukua nyimbo za babu akazitoa tena mtandaoni, watu wamsikilize babu mwenyewe. Kisha, kwenye kazi yake yeye, mwaka 2024 alitoa *Disconnect* pamoja na Kevin Martin, Muingereza wa besi nzito anayejulikana kama The Bug, mtu wa dabu kabisa. Mle ndani KMRU anasema maneno kwa sauti yake mwenyewe, na sauti inazama ndani ya besi, inarudi, inazama tena. Nikaona, huyu alipotaka sauti ya kuzamisha, alizamisha yake. Nilisoma nikazima simu.

Basi nikaanza kutafuta nakala. Nilimuandikia kila mtu niliyemjua Birere. Wengi hawakujibu, wengine namba siyo zao tena. Wiki ya tatu akajibu fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na cha yaya, ambaye sasa anavuka mara kwa mara kwa petite barrière kuleta vitu vidogo. Akasema hana wimbo, ila yaya aliwahi kuupiga kazini, naye alirekodi kwa simu juu aliupenda. Nikamwambia nitumie hata ukiwa mbovu. Akasema bando hana, atakuja nao. Nikashuka mjini kumngoja, nikakaa karibu na barrière kuanzia saa tatu asubuhi, nikiangalia wamama na mizigo yao wakipita, kila mwanaume mwenye simu mkononi nadhani ni yeye. Alifika saa nane.

Ni dakika moja na sekunde arobaini na saba. Mwanzo kuna pikipiki. Kisha yaya anasema, siyo kuimba, anasema na mtu, "shika hapo, hapo, usiachie", nafikiri walikuwa wanaunganisha waya. Kisha wimbo, kwa mbali, ukitoka kwenye redio fulani. Besi hakuna kabisa. Simu ndogo haiwezi kushika besi, inashika yale ya katikati tu, yale ya mdomo wa mtu. Kwa hiyo ile simu ilifanya kinyume cha kazi yangu: mimi nilitoa maneno nikaacha besi, yenyewe ilitoa besi ikaacha maneno. Inaanzia kwa yule mtu wa kuku. Goma na Sake zimeshapita. Kirolirwe ipo. Kitshanga ipo, anaivuta kidogo mwishoni, Kitshangaaa, kama konvoyeri kweli.

Nilimpelekea mama jioni, alikuwa anachagua maharage. Nilimshikia simu sikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu, akaonyesha kwa kidole nirudishe. Nilirudisha mara sita au saba. Mara ya mwisho alicheka pale kwenye "usiachie". Kuhusu besi hakuuliza.

Wengine mmeniambia sasa niunganishe: besi yangu chini, simu ya fundi juu, nitapata wimbo karibu mzima. Nimejaribu kupima, mwendo haulingani, simu iko mbele kidogo na inaongeza kadiri inavyoenda. Inawezekana kurekebisha, ni kazi ya siku mbili. Bado sijaigusa. Kwanza nimeweka nakala ya ile rekodi kwenye simu ya mama, nyingine kwenye kompyuta ya vijana kwenye folda yenye jina langu (tafadhali msifungue na Audacity), na ya tatu nataka ikae mbali na hapa, kwa mtu mwingine kabisa. Kama kuna mwenye kadi ya memori ya ziada, hata ya giga mbili, nitamlipa tarehe ya posho.